Namba 61,741,120 Iandikwe Yote Ubaoni

Tarehe 31 Oktoba, 2022, katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika mwezi Agosti mwaka ule. Walioulala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti katika nchi yetu, Bara na Visiwani, walikuwa watu 61,741,120. Bara walikuwa 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wanaume walikuwa 30,053,130 na wanawake 31,687,990.

Haukupita muda mrefu namba ile ikaanza kukatwakatwa. Kwanza ikawa milioni 61.7, kisha ikawa "milioni sitini na kitu". Leo mwanafunzi wa sekondari hapa Mpwapwa, ukimwuliza sisi ni wangapi, atakujibu kwa neno moja la "milioni" na kukuna kichwa. Simlaumu. Katika vitabu vyake namba kubwa huonekana mara mbili tu: katika zoezi la kusoma na kuandika kwa maneno, na katika zoezi la kukadiria, ambamo tarakimu zote za mwisho huuawa na kugeuzwa kuwa sifuri. Anapofika kwenye mada ya vigawo na namba tasa, vitabu humpa 36, 60, 84, na kwa mwenye bahati 360. Hivyo hujifunza kwamba namba ndogo zina tabia, bali namba kubwa zina urefu tu.

Maoni yangu ni kwamba namba ile iandikwe yote ubaoni, tarakimu zake nane, na wanafunzi waachiwe waichambue kama wanavyoichambua 84. Nimefanya hivyo darasani kwangu. Wenzangu wengine hawakupendezwa, na nitawajibu. Lakini kwanza nieleze yaliyotokea.

Kila mtoto huona mara moja kwamba namba inayoishia na sifuri hugawanyika kwa 2 na kwa 5. Kwa 4, hutazama tarakimu mbili za mwisho: 20, inagawanyika. Kwa 8, tarakimu tatu: 120, inagawanyika. Hapo wengi husimama, kwa sababu wimbo waliofundishwa shule ya msingi umekwisha. Lakini wimbo huo hauna mwisho, na mwalimu aseme kwa nini. Namba 10 ni 2 × 5; kwa hiyo 100 ina 2 mbili ndani yake, 1,000 ina 2 tatu, na 1,000,000 ina 2 sita. Maadamu milioni hugawanyika kwa 64, yote yaliyo kushoto mwa tarakimu sita za mwisho hayana neno tena. Tunabaki na 741,120, nayo ni 64 × 11,580. Basi namba yetu inagawanyika kwa 64. Kwa 128 haigawanyiki, hubaki nusu. Vigawo vya 2 ni sita kamili, hakizidi hata kimoja.

Kwa 3 jumla ya tarakimu ni 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0, yaani 22. Hapana. Tungepangwa watatu watatu, angebaki mtu mmoja.

Kwa 7 ndipo darasa linapolalamika, kwa kuwa wameambiwa kwamba 7 haina kanuni. Inayo, na ni nzuri kupita zote, kwa sababu alama za mkato zinazotenga tarakimu tatu tatu zimekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Namba 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kwa hiyo 1,000 ni pungufu ya moja tu kufikia kigawe cha zote tatu kwa pamoja. Chukua basi mafungu matatu, 61 na 741 na 120, uyajumlishe na kuyatoa kwa zamu kuanzia kulia: 120 toa 741, jumlisha 61. Jawabu ni hasi 560. Je, 560 inagawanyika kwa 7? Ni 7 × 80. Basi na namba yote, 61,741,120, inagawanyika kwa 7. Kwa 11 haigawanyiki, baki ni 1. Kwa 13 haigawanyiki, baki ni 12. Kwa hesabu moja ya kutoa tumepima vigawo vitatu, na hatukugusa kalamu zaidi ya mara mbili.

Sasa gawa namba yetu kwa 64, kwa 5 na kwa 7, yaani kwa 2,240. Jawabu ni 27,563.

Hapa ndipo palipo na somo, nami naomba walimu wenzangu wapakumbuke. Wanafunzi wangu walijaribu 3, wakajaribu 7 mara ya pili, 11, 13. Ikagoma. Mmoja akatamka kwa sauti ya hakimu, "Tasa!" na wengine wakaitikia. Wakachora mstari chini ya 27,563 na kufunga madaftari. Nikawauliza wamejuaje. Jibu lilikuwa kwamba wamejaribu sana.

Kujaribu sana si uthibitisho. Lakini ipo njia ya kujua ni wakati gani umejaribu vya kutosha, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa. Vigawo huja wawili wawili. Ikiwa namba ni zao la namba mbili, haziwezi zote mbili kukizidi kipeuo chake cha pili, maana zingekizidi zao lao litaipita namba yenyewe. Namba 166 ikizidishwa kwa 166 ni 27,556, na 167 ikizidishwa kwa 167 ni 27,889. Basi aliyejaribu kila namba tasa hadi 163 bila kufanikiwa, huyo ana haki ya kusema tasa. Aliyeishia 13 hana haki hiyo.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hanyoshi mkono, aliendelea peke yake. 17, baki 6. 19, baki 13. 23, baki 9. 29, baki 13. 31, baki 4. 37, baki 35. 41, baki 11. Alipofika 43 hakusema neno. Alikuja ubaoni akaandika:

43 × 641 = 27,563

Naye 641, ukijaribu namba tasa hadi 23, utaona ni tasa kweli. Kwa hiyo

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

na hakuna njia nyingine ya kuiandika kwa namba tasa, isipokuwa kubadili mpangilio. Kutokana na orodha hiyo mwanafunzi anaweza kuhesabu vigawo vyote bila kuviandika: kigawo chochote huchukua 2 mara sifuri hadi sita, ni njia saba, na kila moja ya 5, 7, 43 na 641 huichukua au huiacha, ni njia mbili kila moja. Saba mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni vigawo 112.

Nilipoiona 641 ubaoni, nakiri nilikaa kitini. Kwa wanafunzi ilikuwa namba kama nyingine. Kwa mtu aliyesoma historia ya hisabati ilikuwa kama kukutana na mtu mashuhuri katika mnada wa ng'ombe.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliwaandikia rafiki zake kuhusu namba zipatikanazo kwa kuanza na 2, kuipandisha kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha kwa mbili, kisha kuongeza moja. Zinatoka 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba zote zitakazofuata zitakuwa tasa vile vile. Ifuatayo ni 2 kwa kipeo cha 32 kuongeza moja, yaani 4,294,967,297. Karibu karne nzima ilipita. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa kijana wa miaka 25 huko St Petersburg, akaonyesha kwamba namba hiyo si tasa:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Baadaye Euler alieleza kwamba kigawo chochote cha namba ile sharti kiwe kigawe cha 64 kuongeza moja. Ukizifuata namba za namna hiyo na kuziacha zisizo tasa, unakutana na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano. Fermat, mmoja wa wanahisabati wakubwa waliopata kuishi, aliitazama mifano mitano akasema "Tasa!" kama alivyosema yule kijana wa kidato cha pili aliyeishia 13. Na tangu wakati wa Euler hadi leo haijapatikana hata namba moja nyingine ya aina hiyo iliyo tasa baada ya zile tano za mwanzo.

Hakuna haja ya kulisadiki jambo hili kwa sababu limesemwa na Euler. Mwanafunzi anayejua tofauti ya miraba miwili anaweza kulithibitisha katika mistari michache, bila kugawanya namba ya tarakimu kumi. Angalia kwanza kwamba 641 ni 16 + 625, yaani 2 kwa kipeo cha 4 jumlisha 5 kwa kipeo cha 4. Angalia tena kwamba 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 128, yaani 5 mara 2 kwa kipeo cha 7. Sasa 2 kwa kipeo cha 32 ni 16 mara 2 kwa kipeo cha 28. Na badala ya 16 tunaweza kuandika 641 toa 625. Kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 32 ni 641 mara 2 kwa kipeo cha 28, toa 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Hiyo sehemu inayotolewa ni 640 kwa kipeo cha 4 kamili. Ukiongeza ile moja, unapata kigawe cha 641, toa 640 kwa kipeo cha 4, jumlisha moja. Lakini 640 kwa kipeo cha 4 toa moja ni zao la (640 × 640 + 1), (640 − 1) na (640 + 1), na kitu cha mwisho ndicho 641. Basi yote inagawanyika. Nimeona wanafunzi wakiusoma uthibitisho huu mara tatu, na mara ya tatu wakacheka.

Jambo la pili ni jepesi zaidi, na nalitaja kwa kuwa linawafurahisha wadogo. Tarakimu nne za mwanzo za namba yetu ni 6174. Chukua mwaka wa sensa, 2022. Panga tarakimu zake kutoka kubwa hadi ndogo, 2220, na kutoka ndogo hadi kubwa, 0222, kisha toa: 1998. Rudia: 9981 toa 1899 ni 8082. Rudia: 8820 toa 0288 ni 8532. Rudia: 8532 toa 2358 ni 6174. Ukiendelea, 7641 toa 1467 ni 6174 tena, na hutoki humo. Namba yoyote ya tarakimu nne ambazo hazifanani zote huishia hapo kwa hatua zisizozidi saba. Ukijaribu zile nne za mwisho za namba yetu, 1120, utapita njia ile ile: 1998, 8082, 8532, 6174. Aliyegundua jambo hili mwaka 1949 alikuwa D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Devlali nchini India. Hakuwa profesa, wala hakuwa na maabara. Alikuwa na chaki, kama sisi.

Sasa niwajibu wenzangu. Mwalimu mmoja wa Jiografia aliniambia katika chumba cha walimu, "Mwalimu, unawachezesha watoto. Ile ni idadi ya watu, si kitendawili. Na tarakimu zake za mwisho hakuna anayeweza kuapa kwamba ni sahihi. Sensa yoyote duniani hupitwa na watu na huwahesabu wengine mara mbili."

Ana haki, tena haki kubwa, naye amenisaidia kusema ninachotaka kusema. Tarakimu zile nane hutumikia mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni mpangaji wa maendeleo. Huyu anataka kujua madarasa, visima na zahanati, na kwake tarakimu mbili au tatu za mwanzo zatosha. Kwake jambo kubwa ni kwamba mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923 na miaka kumi baadaye tumezidi kwa 16,812,197, sawa na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Na anayejua hesabu ya riba atagawa 70 kwa 3.2 na kuona kwamba kwa mwendo huo tunakuwa maradufu katika miaka ipatayo 22. Kwake 641 haina maana yoyote. Kama mtoto mmoja zaidi angezaliwa kijijini Rudi kabla ya usiku ule kwisha na akahesabiwa, namba ingekuwa 61,741,121, ambayo ni 13 × 4,749,317. Shufwa ingekuwa witiri, 64 ingetoweka, 7 ingetoweka, 43 na 641 zingekwenda zao. Na taifa lingekuwa lile lile.

Bwana wa pili ni hisabati, na kwake kila tarakimu ni sawa na nyingine. Huyu hajali namba imetoka wapi. Tabia ya kugawanyika kwa 641 ni ya namba, si ya Watanzania. Mwanafunzi asiyetenganisha mabwana hawa wawili atapotea kwa njia mbili. Ama atafanya kama wapiga ramli na wauza bahati nasibu, atafute katika namba ya watu ishara ya neema au balaa. Na nimekwisha kumsikia mtu mzima mwenye shahada akisema kwamba 6174 mwanzoni mwa idadi yetu "haikuja bure". Imekuja bure kabisa. Namba yoyote ya tarakimu nane ukiikazia macho itakupa kitu. Mwaka 1917 Hardy na Ramanujan walionyesha kwamba namba za ukubwa huu kwa kawaida huwa na namba tasa tofauti kama tatu hivi ndani yake. Yetu ina tano. Imebarikiwa kidogo kupita jirani zake, basi. Ama, kwa upande wa pili, atadhani kwamba hesabu ikiwa sahihi kwenye karatasi itakuwa sahihi na shambani.

Kwa hili la pili sisi wa Mpwapwa hatuhitaji mfano wa mbali. Kongwa, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya yetu, ndiyo iliyobeba mwanzo wa mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza mwaka 1947. Mpango uliandikwa London: mashamba 107 katika Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini na Kenya, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Kuzidisha hakukuwa na kosa. Jaribu mwenyewe. Kosa lilikuwa katika udongo unaokauka ukawa kama saruji, katika mvua ambayo haikusoma mpango, na katika visiki vya mibuyu. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na paundi zipatazo milioni 36 zilikwisha kuteketea. Namba ya kupendeza haikuwa na uwezo wa kulainisha ardhi.

Lakini mwenzangu wa Jiografia alikosea aliposema "kuwachezesha". Mwenye kuzoea kuitendea namba kubwa kama kitu chenye viungo, anayo silaha ambayo mwingine hana. Jumlisha tarakimu za wanaume, 30,053,130: ni 15, toa 9, baki 6. Za wanawake, 31,687,990: ni 43, na ukitoa tisa zote baki ni 7. Sita na saba ni 13, ukitoa 9 baki 4. Jumla yetu, kama tulivyoona, ina 22, ukitoa tisa zote baki ni 4. Zinaafikiana. Karani anayenakili orodha ya wilaya nzima anaweza kujikagua hivyo kwa penseli, na makosa mengi yatanaswa. Halitanaswa kosa moja: tarakimu mbili zilizobadilishana mahali, kwa kuwa jumla yake haibadiliki. Hilo hunaswa na kanuni ya 11, ya kujumlisha na kutoa kwa zamu.

Nasema haya kwa sababu nimeona gharama ya kutoyajua. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja nisiyopenda kuitaja, mtunza ghala alishutumiwa kwa wizi wa mahindi. Kitabu kilisema kilo 1,263. Mzani ulisema 1,236. Kilo 27 zimekwenda wapi? Mzee yule alikuwa na watoto wanaosoma pale pale, na kwa wiki mbili watoto wale walipita wakiinamisha vichwa. Kikao cha kumfukuza kilikwisha kuitishwa. Ndipo mhasibu mstaafu aliyekuja kwa shughuli zake akauliza tofauti ni kiasi gani, na alipoambiwa 27 akasema, "Inagawanyika kwa tisa. Tafuteni aliyenakili." Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana mahali, tofauti daima huwa kigawe cha 9. Hati ya kupokelea ilipotafutwa ilionekana: 1,236, kama mzani ulivyosema. Katika shule ile walikuwapo walimu wa hisabati watatu, nami nilikuwa mmoja wao. Wote tulijua kanuni ya 9. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inahusu mahindi.

Wapo watakaosema kwamba simu ya mfukoni itavipata vigawo vya 61,741,120 kabla hujamaliza kuipepesa macho. Ni kweli. Iacheni ivipate, mwishoni mwa kipindi, kwa kuhakiki. Lakini ipeni simu hiyo namba ya tarakimu mia sita iliyofanywa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, nayo itashindwa, na kompyuta zote tulizo nazo zitashindwa pia. Na juu ya kushindwa huko Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 njia ya kuficha ujumbe ambayo mpaka sasa inalinda mawasiliano mengi ya benki na ya mitandao. Tatizo ni lile lile la 27,563, ila 43 iko mbali mno.

Ninachoomba si mtaala mpya wala fedha. Kila shule ina ubao, na kila kata ina idadi yake ya sensa iliyochapishwa. Wanafunzi wa kila kata waanze na namba ya kwao, wakiiandika yote, hata tarakimu ya mwisho ambayo mwalimu wa Jiografia haiamini. Waanze kwa 2, wasiruke, na wasiseme tasa kabla ya kufika kwenye kipeuo.

Darasa langu sasa limeigeukia namba ya 2012, yaani 44,928,923. Mafungu matatu, 923 toa 928 jumlisha 44, ni 39. Kwa hiyo 13 iliingia siku ya kwanza, ikaacha 3,456,071. Kipeuo chake ni 1,859 na ushei. Wamegawana namba tasa wawili wawili, na orodha ya mabaki imebandikwa ukutani karibu na mlango. Ijumaa iliyopita walikuwa wamefika 73, na baki lilikuwa 32.